Mtafutaji Asimtafute Mungu: Kuandika Riwaya ya Safari ya Imani Ukiwa Dodoma

Riwaya nyingi za kutafuta imani hufia sura ya tatu, na ukizipasua ujue kilichoziua utakuta ugonjwa ni ule ule. Mhusika anasema anamtafuta Mungu. Anasema hivyo ukurasa wa kwanza, anarudia ukurasa wa kumi, anakaa chini ya mti anawaza, anatokea mzee mwenye ndevu nyeupe anayejua kila kitu, na kuanzia hapo kitabu kizima ni mahubiri. Msomaji wetu ana mahubiri ya kumtosha: Ijumaa, Jumapili, redioni, na kwenye spika za wahubiri wa sokoni Majengo. Hanunui riwaya ili aongezewe.

Dawa yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuitumia. Mhusika atafute kitu. Kitu chenye uzito, kinachoweza kuonekana na kinachoweza kukosekana: ng'ombe, ndugu, hati ya shamba, kaburi. Mungu akutane naye njiani, au asikutane naye, lakini miguu ya mhusika iwe na pa kwenda kila kunapokucha.

Hapa nitatumia mfano mmoja wa kubuni na kuufuata mpaka mwisho, maana ushauri wa uandishi usio na mfano hausaidii mtu. Mhusika ni Sechelela, fundi cherehani wa Chang'ombe, Dodoma mjini, mwenye miaka 34. Alilelewa Kianglikana, lakini kanisani hajaingia tangu amzike mtoto wake. Mama yake ni mgonjwa na ana ombi moja: kaburi la bibi lijulikane lilipo kabla ya wapima viwanja kulifikia. Mwaka ni 2017. Serikali imeanza kuhamia Dodoma mwaka uliotangulia, vigingi vya upimaji vinasogea kuelekea Ihumwa na Mtumba, na kaburi liko huko, kwenye mahame ambayo familia iliyaacha wakati wa Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Aliye hai anayekumbuka mahali penyewe ni mmoja tu, Mzee Hamisi, Mrangi aliyechunga ng'ombe huko ujanani na sasa anaishi Kondoa.

Angalia kilichotokea. Neno Mungu halijatajwa bado, na tayari tuna mwanamke aliyeacha kusali anayelazimika kusafiri kwenda kwa mzee asiyeacha swala hata moja, ili aelekezwe kwa wafu.

Kitu kinachotafutwa

Si kila kitu kinafaa kubeba riwaya. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, kipime kwa maswali matatu. Nani mwingine anakitaka au anakizuia? Kwa kaburi hili ni wapima ardhi, na dada yake Sechelela aliyeokoka ambaye anaona kufuatilia makaburi ni kurudia mizimu. Kitapotea moja kwa moja lini? Siku greda litakapopita. Na kila siku ya kukitafuta inagharimu nini? Nguo za wateja zinalala bila kushonwa, fedha ya dawa ya mama inaishia kwenye nauli. Swali moja likikosa jibu, badilisha kitu. Mwandishi akijaribu kuziba pengo hilo kwa mawazo ya mhusika, msomaji atalihisi tu.

Kosa linalofuata ni kukifanya kitu kiwe ishara mapema mno. Mwandishi anapenda kaburi lake, basi kufikia sura ya nne tayari "kaburi" limekuwa "moyo wa Sechelela". Zuia mkono. Kaburi libaki mawe. Liwe na urefu, liwe upande fulani wa zizi, liwe na jiwe moja lililobebwa na mtu akajengee jiko. Likiwa kaburi kwelikweli, msomaji ataona mwenyewe kinachofanana nalo.

Na mahame yachunguzwe kama fundi anavyochunguza ufa. Nyumba ya Wagogo ya zamani ni tembe: kuta za fito na udongo, paa la bapa la miti lililofunikwa udongo. Ikiachwa bila mtu wa kuziba paa, mvua huila. Udongo hushuka, miti huliwa na mchwa au huchukuliwa kuwa kuni, na baada ya miaka arobaini na kitu kinachobaki ni mwinuko mdogo, jiwe la kusagia, vigae, labda mbuyu uliokuwa uani. Zizi ndilo linalodumu kuliko nyumba. Samadi ya miaka mingi huacha udongo mweusi wenye rutuba, na hata kizazi kinachofuata majani ya pale huota mazito kuliko ya jirani. Mtu mwenye jicho la mfugaji hulisoma zizi la zamani kama tunavyosoma kibao cha barabarani.

Kalenda inapanga sura

Mwandishi anayetoka pwani huleta Dodoma vuli na masika. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa katikati mahindi yakiwa yanaomba maji, kisha humalizia Machi na Aprili. Kwa mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi. Miezi inayobaki ni kiangazi, upepo na vumbi.

Sasa rudi kwenye zizi. Majani mazito yanaonekana wakati gani? Aprili, nchi ikiwa mbichi. Na mawe ya kaburi je? Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka, zimeliwa na mifugo au zimeungua, na ardhi iko wazi kama kiganja. Mzee Hamisi anasema: "Kaburi liko upande wa machweo wa zizi, hatua arobaini." Basi Sechelela hawezi kumaliza kazi kwa safari moja. Aprili atalipata zizi, lakini nyasi za kiunoni zitamficha mawe. Itabidi asubiri miezi sita huku vigingi vikisogea na mama akidhoofika, ndipo arudi Oktoba. Mifupa ya riwaya imepatikana: sehemu ya kwanza mpaka Aprili, ya pili ni kungoja, ya tatu ni Oktoba. Na kule kwenye kungoja, ambako waandishi wengi hukimbia, ndiko riwaya ya imani inakoishi hasa. Mtu anayengoja hujikuta anamsemesha asiyeonekana hata kama hakupanga.

Kalenda ya ibada nayo ihesabiwe kwa vidole. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida na huzunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 1973, kikao cha TANU kilipoamua Oktoba kwamba makao makuu yahamie Dodoma, Waislamu walikuwa katika mfungo, mwisho wa kiangazi, joto likiwa kali. Mwaka 2017 Ramadhani iliangukia mwishoni mwa Mei na Juni, asubuhi za Dodoma zikiwa na baridi. Kwa hiyo mwandishi aliyepanga tukio zuri la Mzee Hamisi akifuturu Oktoba 2017 ana kosa ambalo msomaji yeyote Mwislamu ataliona. Asilifute tukio. Mzee anaweza kuwa katika funga ya sunna, Jumatatu au Alhamisi, na tukio likawa zuri zaidi: funga ya sunna hailazimishwi na mtu, hakuna mtaa mzima unaofunga pamoja naye, na Sechelela atajua amefunga pale tu atakapoona chai haiguswi.

Saa ya kufuturu pia. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi tatu na nusu hivi za longitudo, na kila uzi ni dakika 4. Jua la Dodoma huzama kama dakika 14 baada ya la Dar. Katikati ya Oktoba ni karibu saa 12 na nusu jioni, wakati Dar wameshaswali Magharibi kwenye saa 12 na robo. Mwandishi akinakili ratiba ya Dar, mzee wake mcha Mungu atakuwa amefungua swaumu jua likimwangalia.

Na mwezi. Tarehe za Kiislamu zinakupa mwezi bila kufungua kitabu kingine: tarehe 1 ni uzi mwembamba, tarehe 14 ni mbalamwezi. Usiku wa kuamkia Idi el-Fitri hauwezi kuwa na mwezi mpevu, hata kama sentensi inaupendeza. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo mkesha wa Pasaka una nuru angani kama mawingu ya Aprili yakiruhusu.

Safari yenyewe ipimwe. Barabara ya lami ya Dodoma, Kondoa hadi Babati ilizinduliwa 2018. Safari ya Sechelela ya 2017 inapita katikati ya ujenzi, vipande vya lami mpya na michepuko ya vumbi. Mwandishi wa riwaya ya 1995 ampe msafiri wake vumbi tupu na siku nzima. Uchovu wa mwili una kazi hapa. Mtu aliyefika Kondoa ametikiswa njia nzima hafiki na hoja. Anafika na kiu, na mazungumzo ya kwanza na Mzee Hamisi yatakuwa ya maji.

Kusali, kuomba, kuswali, kutambika

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuongea na Mungu, na kila kimoja kinamtaja mtu anakotoka kabla hajajitambulisha. Mkatoliki husali, huenda misa, huungama. Mlutheri, Mwanglikana na Mpentekoste huomba. Wana ibada, na walokole wana maombi na mkesha. Mwislamu huswali, kisha huomba dua, vitu viwili tofauti kabisa kwake. Mwenye mila hutambika. Ukiandika "Mzee Hamisi alisali", umemhamisha dini kwa herufi moja. Ukimfanya padri "afanye ibada" kila ukurasa, Wakatoliki wa Dodoma watakusamehe lakini hawatakuamini.

Salamu vilevile. "Tumsifu Yesu Kristo" hujibiwa "Milele na milele, amina". "Bwana Yesu asifiwe" hujibiwa "Amina". Mzee wa Kigogo atapokea "Mbukwa" kwa furaha kuliko vyote hivyo. Sechelela akifika kwa Mzee Hamisi atasema "Shikamoo babu", naye atajibu "Marahaba mjukuu wangu", na hapo hapo ujukuu utaanza kufanya kazi yake: hataweza kumfukuza, wala yeye hataweza kuondoka bila kula.

Kuna bahati moja ya lugha ambayo mwandishi asiipoteze. "Swali" ni linaloulizwa, na "swali" ni amri ya kusimama kuelekea kibla. Sechelela aliyekulia kwenye "maombi" amsikie mzee akimwamuru kijana wa nyumbani, "Nenda kaswali", na kwa nukta moja aelewe kwamba kijana ametumwa akaulize. Usimwache mhusika alieleze. Liweke, upite.

Upatanisho wa kisarufi ni hazina kubwa zaidi, na sijui kwa nini unatumika kidogo hivi. Roho ya mtu ni ya ngeli ya I-ZI: roho inaniuma, roho imetulia. Roho Mtakatifu hupatanishwa kama mtu: Roho alishuka, Roho amesema. Dada aliyeokoka atasema, "Roho ameniambia usiende Kondoa." Sechelela akijibu "Roho yupi?" amekubali kwamba kuna Nafsi iliyosema na anataka tu kujua ni nani. Akijibu "Roho ipi?" amemwambia dadake kwamba aliyemsikia ni moyo wake mwenyewe. Ugomvi mzima wa imani wa akina dada wawili umeingia kwenye silabi moja. Kisha, sura kumi baadaye, Sechelela mwenyewe aseme "roho alikataa" bila kujisahihisha. Wasomaji wenye masikio watasimama hapo.

Maandiko yanayonukuliwa yaendane na mwaka na mtu. Biblia ya Union Version ilikamilika 1952. Bibi wa Sechelela asiinukuu mwaka 1940. Biblia nzima ya Habari Njema ni ya miaka ya 1990. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilitoka 1969, lakini mzee wa kijijini mara nyingi atasoma aya kwa Kiarabu na kueleza maana kwa maneno yake, na maneno yake ndiyo unayoyahitaji. Nukuu za maandiko zisizidi tano katika kitabu chote, na hakuna itakayozidi mistari miwili. Nukuu ndefu humpumzisha mwandishi, na msomaji anajua.

Anayedhani lugha za imani hizi ziliishi kila moja kwenye kota yake amtazame mshairi Mathias Mnyampala. Alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, Mtunya ilipoanza, ile njaa kuu ya Ugogo iliyofuata majeshi ya vita kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mgogo huyu Mkatoliki aliandika Utenzi wa Enjili Takatifu, yaani habari za Yesu ndani ya bahari, muundo wa ushairi, iliyokuzwa na Waislamu wa pwani: beti za mishororo minne, mizani nane kila mshororo. Alikuta chombo kinafaa, akakitumia. Sechelela wako ana ruhusa hiyo hiyo.

Padri, sheikh, mganga

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kosa lenyewe ni moja: mwizi aliyevaa kola, mtakatifu aliyevaa kanzu, shetani mwenye kibuyu, au mgawo wowote mwingine wa vinyago hivyo. Mpe kila mtu wa dini tatizo la nyumbani ambalo halihusiani na safari ya mhusika. Imamu anahangaika na pampu ya kisima cha msikiti iliyoungua. Kasisi anadaiwa ada ya mtoto. Mtambikaji wa mvua ana magoti mabovu na hapandi tena mlimani, na mwanawe wa kiume hataki kurithi. Tatizo hilo lionekane angalau mara mbili. Mtu mwenye pampu mbovu hawezi kuongea kama kitabu cha dini kwa kurasa tatu, fundi anamsubiri.

Kwa wanaotaka kuzungumza na wazee kabla ya kuandika: usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari na majani ya chai vinatosha, kingi zaidi kinageuka malipo. Siku ya kwanza usitoe simu kurekodi. Na usiulize "Mlikuwa mkiamini nini?", kwa sababu utajibiwa alichofundishwa mtu kuwajibu wageni. Uliza "Mlikuwa mkichota maji wapi?", "Mvua ikichelewa nani alianza kuondoka nyumbani, na alibeba nini?" Imani itajitokeza yenyewe katikati ya ndoo na njia. Ukihitaji kuona mahali ambapo ibada ya zamani na picha za kale viko pamoja, nenda Kolo, kaskazini ya Kondoa. Michoro ya miambani ya eneo hilo iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kwenye pango la Mongomi wa Kolo matambiko ya mvua na uponyaji yameendelea mpaka zama zetu. Pita kwanza ofisi inayosimamia michoro pale kijijini upate kibali na mwongozaji. Usiguse michoro, na usiimwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha. Watu walifanya hivyo na imeharibika.

Urefu, na mahali pa kukatia

Maneno 60,000 ni kama kurasa 200. Gawanya sura 24 za maneno 2,500. Ukiandika maneno 600 kwa siku utamaliza rasimu kwa siku 100, yaani ukianza mwanzo wa Juni unamaliza kabla joto la Oktoba halijakufukuza mezani. Sechelela awe ameondoka Dodoma kabla ya neno la 8,000. Ndoto zisizidi mbili kitabu chote, kila moja chini ya maneno 150, na isiwepo ndoto inayotoa jibu ambalo mchana haukulitoa.

Wapo watakaosema mbona Euphrase Kezilahabi hakufuata haya. Kweli. Alipita seminari, akaanza na riwaya zenye ardhi chini yake kama Rosa Mistika ya 1971, kisha akafika Nagona na Mzingile, ambamo mahali na wakati vimeyeyushwa karibu kabisa. Lakini angalia unene wa vitabu hivyo viwili: kila kimoja kiko chini ya kurasa 100. Alijua msomaji akiondolewa ardhi atastahimili kwa muda gani. Anayetaka njia hiyo akate kitabu chake mara tatu, kisha aikate tena ile theluthi iliyobaki.

Rasimu ikiisha, ipitie na kalamu nyekundu. Pigia mstari kila sentensi isiyo na mwili wala kitu ndani yake, yaani isiyo na mkono, sauti, chombo, mnyama au hali ya hewa. Sentensi tatu mfululizo zenye wekundu zinaruhusiwa. Ya nne ikifika, pale ndipo mhubiri amepanda jukwaani. Mfano wa kifungu kilichojaa wekundu:

"Sechelela alihisi utupu mkubwa ndani ya nafsi yake. Alijiuliza kama Mungu yupo na kama husikia vilio vya wanadamu. Imani ya Mzee Hamisi ilimshangaza. Je, naye angeweza kupata amani kama ile?"

Hakuna uongo humo, na hakuna kitu. Sasa mwache mzee atawadhe:

"Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, halikujaa. Mzee Hamisi alianza na viganja, mara tatu, akasukutua, akapandisha maji puani, akaosha uso. Mkono wa kulia mpaka kiwiko, kisha wa kushoto. Akalowesha vidole tena, akapaka kichwa na masikio. Alipomaliza miguu, kopo bado lilikuwa na sauti ya maji ndani. Akayamimina kwenye shina la mpapai.

'Babu, yanakutosha hayo?'

'Yanabaki, umeona. Na yakikosekana kabisa, natayamamu.'

'Kwa nini?'

'Kwa vumbi. Vumbi safi.'

Sechelela akatazama viganja vyake. Vumbi la njia nzima kutoka Dodoma lilikuwa limejaza mistari yote. Mzee alishatandika mkeka. Sechelela akasogea pembeni asimpite mbele."

Maelezo mafupi ya kifundi: hatua za udhu zimefuata utaratibu wake, kwa sababu zikivurugika Mwislamu hatasoma zaidi. Kopo moja linamwambia mkazi wa Dodoma kila kitu kuhusu kisima kilivyo mbali. "Kwa nini?" ya Sechelela inauliza "kwa kitu gani", lakini msomaji yuko huru kuisikia kama "kwa sababu gani". Na kile kitendo cha kusogea ni adabu tu, mtu hapiti mbele ya anayeswali. Ndiyo mara ya kwanza katika kitabu mwili wake umeheshimu ibada bila kichwa kutoa ruhusa.

Imebaki Oktoba. Vishawishi viwili vitakuja. Cha kwanza ni mvua: anafika kaburini, mawingu yanakusanyika, tone la kwanza linamgonga shavuni. Usifanye. Oktoba Dodoma haina mvua ya kutegemewa, na mvua iliyoagizwa na mwandishi hainyeshei mtu. Kama unahitaji kitu kutoka angani, mibuyu inaelekea msimu wa kuchanua. Ua lake kubwa jeupe hufunguka jua likizama na kesho yake liko chini, limekunjika. Sechelela akilala mahame usiku mmoja anaweza kulisikia likidondoka. Halimwambii kitu.

Kishawishi cha pili ni kitenzi. Amezihesabu hatua arobaini kutoka kwenye zizi kuelekea machweo, ameyaona mawe, amepiga magoti. Sasa afanye nini: aombe, asali, atambike? Mwandishi ametumia kurasa 200 kuvitenganisha vitenzi hivi na ukurasa wa mwisho unamtaka achague kimoja. Asichague. Aandike mikono: aling'oa mizizi ya nyasi iliyobaki kati ya mawe, akafuta jiwe la kichwani kwa kitenge, akaona pengo palipotolewa jiwe moja, akaenda kutafuta linaloingia. La kwanza lilikuwa dogo. La pili lilikuwa na kona. Akalirudisha, akaenda tena.